Mtani wa Kilomita ya Themanini na Nne

“Leo unakufa, mla mlenda wewe,” Twilumba alisema, huku akivuta mkanda wa kifua mpaka Hezroni akakohoa. “Na ukifa, ng'ombe wa matanga namchagua mimi. Namtaka yule mweusi mwenye nundu.”

“Yule nimemwahidi mbwa wako,” Hezroni akajibu, amelala chali ndani ya gari kama maiti iliyokataa kufumba macho. “Aa, samahani. Mbwa mwenyewe mlishamla.”

Umati uliozunguka gari ukaangua kicheko. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua la Bahi limeshaanza kuchoma visogo, na nusu ya Dodoma ilikuwa imeteremka kuja kutazama: kina mama na vigoda vyao, wauza mishikaki, wauza miavuli, vijana waliopanda juu ya mapipa, na wale wambea ambao hawakuja kuona gari kabisa, walikuja kuona nani kaja na nani.

Gari lenyewe liliitwa Mbayuwayu. Rangi ya ubuyu, kimo chake hakifiki kiunoni kwa mtu mzima, na halina kioo cha nyuma kwa sababu, kama Hezroni alivyopenda kusema, nyuma hakuna kinachomhusu. Kwenye lami iliyonyooka katikati ya mbuga lilikuwa limeshafika kilomita mia tano na kumi kwa saa. Leo alitaka mia tano na arobaini. Rekodi ya barabara ilikuwa mia tano thelathini na nane, na mwenye rekodi hiyo alikuwa bado hai na anatamba nayo kila baa, jambo lililomkera Hezroni kuliko rekodi yenyewe.

Twilumba akamgeuza kichwa, akapapasa nyuma ya shingo mpaka akaupata uzi. Kwa nje ni kidoa cha chuma, punje ya mtama tu. Kwa ndani umezama mpaka kwenye mzizi wa ubongo. Ukiwashwa, dakika moja ya dunia inakuwa kumi kwa mwenye nao. Pale ambapo jicho la kawaida lingeona ukungu tu, mwenye uzi anaona kila ufa wa lami, anaona panzi anavyokunja mguu kabla hajaruka.

“Naendesha kama nampeleka bibi kanisani,” Hezroni alikuwa akiwaambia watu. “Nyie ndio mnaona kasi. Mimi siioni.”

Hapo ndipo hatari ilipokuwa, na kila mtu Bahi aliijua hata kama hakutaka kuitaja mbele ya wageni. Uzi hunyonya ubongo kama mtoto mwenye njaa. Dakika saba, dakika nane, ubongo unachoka, lakini haumwambii mwenyewe kwamba umechoka. Unaacha kuona, unaanza kukariri. Unamletea dereva barabara ya jana, safi, tupu, yenye jua zuri, naye anaiendesha hiyo kwa furaha tele, kumbe barabara ya leo iko mbele yake na mambo yake mengine.

Baada ya ile Jumapili ambayo magari matatu yaliingia kwa watazamaji, ikatoka sheria: hakuna kuwasha uzi bila mdhamini. Mdhamini anakaa kituoni, amevaa glavu inayomletea kiganja cha dereva, joto lake, jasho lake, mapigo yake. Pembeni yake kuna swichi moja nyekundu inayoitwa kisu. Akiivuta, uzi unakatika na gari linajisimamisha lenyewe.

Mwanzoni watu waliwaweka mama zao na wake zao. Ikashindikana. Mama anakata kwenye kilomita ya tatu, roho imeshamtoka. Mke anaogopa ugomvi wa nyumbani, hakati kabisa. Wagogo wa Bahi wakapata dawa yao: mdhamini awe mtani. Mhehe. Mtani haogopi kukuudhi, kukuudhi ndiyo kazi yake. Akikuambia unanuka, nenda kaoge. Twilumba Sekindole, Mhehe aliyezaliwa Iringa na kuolewa Bahi, mwenye sauti ya kuita kuku wa kijiji kizima, alikuwa amedhamini madereva kwa miaka kumi na moja, na kibanda chake kituoni hakijawahi kukosa watu wa kupiga nao soga.

“Haya, mtumwa wetu,” Hezroni alisema, akipandisha kidole gumba. “Kakae. Usisinzie.”

“Salimia wafu,” Twilumba akajibu, akafunga kifuniko.

*

Kibandani walikuwa watatu. Twilumba kwenye kiti, mkono wa kulia ndani ya glavu. Nyuma yake Mama Yunike, mama yake Hezroni, amefumba macho anasali, kama kila Jumamosi. Na mlangoni Eslina, dada mdogo wa Hezroni, miaka ishirini na minne, ameshika darubini na hatulii mguu.

Mbayuwayu likaondoka. Halikunguruma, magari haya hayana ngurumo. Lilipasua tu hewa kama mtu anayechana shuka mpya, na vumbi likainuka baadaye, likiwa limechelewa.

“Mia tatu,” Eslina akasoma kwenye ubao. “Mia nne. Huyo, huyo, huyo!”

Kiganja cha Hezroni kilikuwa cha moto na majimaji ndani ya glavu, kinatetemeka vitetemo vidogo visivyo na mpangilio. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mkono unaoona barabara hautulii, unasahihisha kila mara.

“We mla mlenda,” Twilumba akasema kwenye kipaza sauti, “unajikokota kama unaenda kutoa mahari.”

“Mahari ya kwenu natoa kwa mifupa,” jibu likarudi hata kabla hajavuta pumzi.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mashine ya kituo ilisubiri sentensi ya Twilumba iishe, ikaifinya na kumpa Hezroni kwa mkupuo, kisha ya Hezroni ikaivuta iwe ya kusikika. Wakati Twilumba anasema maneno matano, Hezroni ana nafasi ya kutunga matusi hamsini na kuchagua moja. Twilumba hajawahi kumshinda Hezroni akiwa barabarani hata siku moja.

Ila mara moja. Na hiyo mara moja ndiyo iliyokuja kumtafuna.

Wiki tatu nyuma alimwambia kwa sauti ya msibani, “Hezroni, si utani, kuna ng'ombe mbele.” Hezroni akashika breki, gari likaserereka, akasimama kwenye lami tupu, hakuna hata sisimizi. Akarudi kituoni taratibu, na umati mzima ukampokea kwa kulia kama ng'ombe. Muuu. Walimlilia hivyo sokoni, walimlilia kazini, padri wake mwenyewe alijizuia kwa shida. Bahi nzima ilisema Mhehe kafanya kazi. Twilumba aliisimulia hadithi ile mpaka ikachakaa.

“Mia tano na arobaini na moja!” Eslina akapiga yowe. “Rekodi! Mama, fumbua macho, rekodi!”

Nje umati ukalipuka. Kilomita ya sitini na tatu, dakika ya nane.

Na kiganja kikakauka.

Twilumba alidhani glavu imeharibika. Akaikunja vidole, akaikunjua. Hapana. Jasho limekauka, joto limeshuka, na vile vitetemo vya ovyo vimekuwa vya mpangilio, tu, tu, tu, kama mtu anatwanga. Mapigo ya moyo yametulia kama ya mtu aliyekula akashiba. Akatazama taa ya mashine. Kijani. Mashine iliangalia damu na joto la kichwa, na mara nyingi ilikuwa sahihi.

“Mla mlenda. Mkono wako umepoa.”

“Umeona haya kukushika.”

“Bango la kilomita ya sabini umeliona?”

“Nimeliona. Yule dada wa soda, meno yote nje, kama wewe ukiona kitoweo.”

Nyuma Eslina akacheka. Twilumba hakucheka. Alhamisi kimbunga cha vumbi kilikuwa kimelibeba bango lile. Yeye mwenyewe alipita pale na pikipiki akakuta nguzo mbili zimesimama, katikati hakuna kitu.

Au Hezroni naye aliziona nguzo mbili, akaamua kutania? Mtani akiulizwa swali la kijinga, si anajibu kijinga?

“Hezroni,” akasema. “Si utani.”

“Mbele kuna ng'ombe?”

“Hakuna ng'ombe. Umeanza kukariri. Achia.”

“Muuu,” Hezroni akasema, na mashine ikaivuta ikawa ndefu mno.

Kilomita ya sabini na tano. Mbele, kwenye kilomita ya tisini, barabara inafika chini ya milima ya Saranda na kukata kona. Kona ile haipitiki zaidi ya mia na themanini. Hezroni huachia kwenye kilomita ya themanini na sita, kwenye mistari miwili myeupe. Ameachia hapo mara arobaini, hajawahi kukosea. Lakini gari lililokatwa na kisu halisimami kama lililoshikwa breki na mtu mwenye akili zake. Linapunguza polepole ili lisimvunje shingo, na linahitaji kilomita sita. Kwa hiyo mdhamini hana anasa ya kungoja mistari myeupe aone kama mtu wake ataachia. Akingoja themanini na sita, ameshachelewa. Mwisho wake ni themanini na nne.

Na kisu chenyewe si dawa ya kikohozi. Mtu aliye kwenye muda wa kumi anarudishwa ghafla kwenye muda wa moja. Watu kumi waliokatwa Bahi: watatu walikufa palepale, watatu waliinuka wakajipangusa. Wanne wakawa wachelewaji. Hao wanakula, wanatembea, wanakujua jina. Ila kila kitu kinawafikia baadaye. Unamsalimia saa tatu, anakuitikia saa nne kasoro.

“Baba,” Twilumba akasema. Alikuwa hajawahi kumwita hivyo. “Hezroni mwanangu. Nakuomba. Nimepiga magoti hapa.”

Kikapita kimya cha nusu sekunde. Kwa Hezroni zilikuwa sekunde tano nzima za kufikiri, na Twilumba akazishika zile sekunde kama mtu anayeshika pindo la nguo.

Kisha kicheko.

“Hiyo mpya! Mhehe kupiga magoti! Hiyo nitaisimulia mpaka nazeeka!”

“Kuna nini?” Mama Yunike akauliza.

“Hakuna kitu,” Eslina akasema. “Taa ya kijani. Anamtania.”

Kilomita ya themanini. Themanini na moja. Lugha yote aliyokuwa nayo Twilumba kwa mtu huyu ilikuwa matusi na vicheko, miaka mitano ya kuambiana leo unakufa, na sasa hakuwa na neno hata moja la kumwambia kwamba leo anakufa. Akitoa sauti ya kilio, ni mchezo. Akibembeleza, ni mchezo mzuri zaidi. Themanini na mbili. Labda anaona. Labda amezoea tu, amepata amani ya mtu aliyeshinda, nani asingetulia na rekodi mkononi? Kama anaona, kisu hiki kinamuua mzima. Kama haoni, anaingia mlimani na tabasamu. Themanini na tatu. Kiganja kilikuwa kikavu, kinatwanga, tu, tu, tu.

“Shangazi, unafanya nini?” Eslina alisema. “Shangazi! Taa ni ya kijani!”

Twilumba akavuta.

Ndani ya glavu ule mkono ukamkamata kwa nguvu zote, kama mtu anayezama. Kisha ukaachia.

*

Gari lilisimama lenyewe kwenye kilomita ya tisini kasoro hatua mia mbili. Halikuwa na mkwaruzo. Hezroni alikuwa hai, macho wazi, anapumua vizuri, na kwa muda wa nusu saa watu wakasema amepona. Muuguzi wa gari la wagonjwa akamuuliza jina. Hakujibu. Akamuuliza tarehe. Hakujibu. Walipomlaza wodini, na hakuna aliyekuwa anaongea naye, akaiambia dari, “Hezroni Chilongani.” Baada ya kitambo akataja tarehe.

Dakika arobaini. Walipima mara tatu. Alikuwa nyuma ya watu wote kwa dakika arobaini.

Mkaguzi wa barabara alimkuta Twilumba kwenye korido, akakaa kwenye benchi pembeni yake na daftari lake. Aliitwa Bwana Masagati, mtu mpole wa kuchosha.

“Taa ilikuwa rangi gani?”

“Kijani.”

“Ulikata wapi?”

“Themanini na nne.”

“Na desturi yake kuachia?”

“Themanini na sita.”

Mkaguzi akaandika. Eslina, aliyekuwa ameegemea ukuta wa pili, hakungoja amalize.

“Kilomita mbili! Mara arobaini ameachia pale, mara arobaini! Kilomita mbili ungengoja, ungekufa?”

“Ningengoja, angekufa yeye.”

“Nani kakwambia? Glavu?”

“Na bango. Alisema analiona bango. Bango halipo tangu Alhamisi.”

“Alikuwa anakutania, mwanamke wewe! Kazi yenu si hiyo? Umemlisha upuuzi miaka mitano, siku amekujibu upuuzi umemchoma kisu!” Eslina alimsogelea mpaka mate yakamrukia Twilumba shavuni. “Uliona amevunja rekodi, roho ikakuuma. Ulizoea kumcheka, hukuzoea kumwona anashinda. Sema!”

Watu wakachungulia kutoka wodi zote. Kabla jua halijageuka, Bahi nzima ilikuwa na hadithi, na kila mdomo ulikuwa na yake: Mhehe kakata kwa wivu, Mhehe kakata kwa sababu ya yule ng'ombe wa matanga, Mhehe alikuwa amesinzia akashtuka. Wale wale waliolia muuu sokoni, leo walisema tangu mwanzo walijua yule mama utani wake umepitiliza.

“Sheria haina neno na wewe,” Bwana Masagati alisema, akifunga daftari. “Sheria inauliza kama hofu yako ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ya kweli?”

“Ndiyo.”

“Basi.”

“Na kama nilikosea?”

“Hilo halina mahali pa kuandika,” akasema, akaondoka.

Twilumba akaingia wodini. Mama Yunike alikuwa ameketi kitandani, mkono wa mwanawe mapajani. Hakumtazama.

“Hezroni,” Twilumba akasema, akainama mpaka karibu na sikio. “Lile bango. Uliliona, au ulinitania?”

Kisha akavuta kigoda akakaa kusubiri. Dakika kumi. Hezroni akacheka, kicheko cha jambo aliloambiwa na daktari zamani. Dakika ishirini. Dakika ya thelathini Eslina akaingia na mabinamu wawili wenye vifua, wakamwinua Twilumba na kigoda chake, wakamtoa nje, wakafunga mlango.

Alisubiri mlangoni. Zilipotimia arobaini, alisikia sauti ya Hezroni, chini kabisa, na mlango ulikuwa mnene. Hakuambulia neno.

*

Jumamosi ya tatu baada ya hapo, uani kwa akina Chilongani kulijaa watu. Masufuria matatu ya pilau, viti vya kukodi, turubai. Eslina alikuwa amewekewa uzi. Saa nane mchana angeliendesha Mbayuwayu kwenye barabara ile ile, na alikuwa ametangaza mia tano na hamsini. Mdhamini wake alikuwa mjomba Hosea, mtu mwema asiyejua kumkatalia Eslina kitu tangu akiwa na miaka miwili, na kila mtu aliyekula pilau lile alilijua hilo na akaendelea kula.

Hezroni aliketi kivulini, amevalishwa shati jeupe. Watu walikuwa wameacha kuongea naye. Inachosha.

Twilumba alipoingia, vijiko vikatulia.

“Mbukwenyi,” akasalimia kwa Kigogo. Hakuitikiwa. Hakuna aliyemsogezea kiti, na Bahi, hata mkusanya kodi husogezewa kiti.

“Umefuata nini?” Eslina akauliza. Nyuma ya shingo yake kidonda cha uzi kilikuwa bado kibichi. “Pilau? Mpeni pilau aondoke.”

“Sikufuata pilau.”

“Msamaha hapa hakuna.”

“Wala msamaha sikuja kuuomba.” Twilumba akalitazama gari, limefunikwa shuka la harusi, maua ya plastiki juu yake. “Nimekuja kuchukua. Mimi ni mtani wa nyumba hii. Jicho langu limeangukia hiki, nakichukua.”

Minong'ono ikazunguka ua mzima. Si kwamba hawakuijua desturi. Mtani akija kwako akabeba kuku, unacheka. Akibeba jembe, unamtukana unacheka. Msibani anaweza kulala juu ya kaburi mpaka apewe anachotaka, na hakuna polisi anayeitwa. Lakini gari? Twilumba mwenyewe katika maisha yake hakuwahi kuchukua kilichozidi jogoo.

“Mtani?” Eslina akacheka kicheko kikavu. “Utani uliukata mwenyewe, kilomita ya themanini na nne. Wewe si mtani wetu. Wewe ni muuaji aliyekosa shabaha. Gusa hilo gari uone.”

“Siongei na wewe. Wewe ni mtoto wa nyumba. Naongea na mwenye nyumba.”

Watu wote wakageukia mlango wa jikoni. Mama Yunike alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi. Na hapo kila mwenye akili akaelewa kilichowekwa mbele ya mama huyu. Akisema Twilumba si mtani, basi alichofanyiwa mwanawe ni uhasama, na watu wa nyumba hii wana haki ya kumchukia mpaka vitukuu. Ila gari linabaki na saa nane Eslina analipanda. Akisema ni mtani, gari linaondoka, na kisu nacho kinaingia ndani ya utani, kinakuwa kitu ambacho hakidaiwi.

Mama Yunike alishuka ngazi. Alikuwa amekonda kwa wiki tatu kuliko kwa miaka yake yote sitini. Akasimama mbele ya Twilumba, karibu mno.

“Siku ile wodini,” akasema, “ulimuuliza kitu. Nilikaa mpaka akajibu.”

“Mama,” Eslina akaanza.

“Nyamaza. Wewe ulikuwa unafunga mlango.” Hakugeuza kichwa. “Alisema, ‘Nilimwona dada wa soda. Mbona bado yupo? Huyo hapo ukutani.’ Ukuta wa wodi ni mweupe. Nilitazama. Ni mweupe.” Akauhamishia mwiko mkono wa pili. “Sijui kama ni ile barabara iliyomfanya hivyo au ni kisu chako. Sitajua. Usiku nakulaani. Asubuhi nakulaani tena. Umenisikia?”

“Nimekusikia.”

“Sikupendi.”

“Najua.”

Mama Yunike akauinua mwiko. Mjomba Hosea akaruka kutoka kitini, akidhani anampiga. Lakini mwiko ukanyooka kwa urefu wa mkono, ukaelekea kwenye gari.

“Basi chukua,” akasema kwa sauti kubwa, ya kusikika mpaka kwa jirani wa tatu, “chukua, Mhehe mla mbwa usiye na haya, mwenye matako kama mzinga uliolowa! Chukua, na likikushinda usirudi hapa kunililia. Tena likikubana humo ndani, watakutoa kwa shoka!”

Hakuna aliyecheka. Yalikuwa matusi ya utani, yote, neno kwa neno, na yalitoka kwenye kinywa kisicho na utani hata chembe. Twilumba alitakiwa kuyajibu. 

“Na wewe,” akasema mwishowe, “pilau lako limeungua.”

“Toka kwangu.”

Akavuta shuka la harusi, maua yakaanguka. Akaingia kwa kulala, kama wanavyoingia. Kiti kilikuwa na umbo la mtu mrefu mwembamba. Mgongo wake haukuingia sawasawa na miguu ilifika kwa shida. Bila uzi shingoni, Mbayuwayu halimpi mtu zaidi ya kilomita ishirini kwa saa, mwendo wa kuingizwa gereji, na Twilumba hakuthubutu hata hizo. Akatoka getini akiwa na tano, labda sita.

Eslina akatoka naye. Hakukimbia, hapakuwa na haja ya kukimbia. Alitembea pembeni ya dirisha, kiganja juu ya paa, akimtukana kwa zamu: yeye, mama yake, ukoo wa Sekindole wote hadi aliyezikwa zamani. Haya hayakuwa ya utani. Watu walitoka kwenye nyumba, wanyoaji walitoka saluni na mikasi, na gari lililowahi kukimbia mia tano arobaini na moja likapita mbele yao kama jeneza la mtu mzito.

“Siku utakayolala,” Eslina alisema, machozi na vumbi vimemchora mashavu, “nitalichukua. Hata mwakani.”

“Njoo.”

“Uzi ninao shingoni, nitapata gari lingine.”

“Najua.”

“Wewe unadhani umeniokoa? Umeniokoa nini, jibu!”

Mikono ya Twilumba ilikuwa imelowa jasho kwenye usukani, inatetemeka, inasahihisha, kushoto kidogo, kulia kidogo. Mbele, katikati ya njia, mbuzi wawili walikuwa wamesimama wakitafuna karatasi. Akawaona. Akasimama.

Eslina alienda hatua tatu zaidi huku akitukana, kabla hajagundua kwamba yuko peke yake. Akageuka. Kisha naye akasimama, mikono kiunoni, wakasubiri mbuzi wapite.